Watu Niliowakata kwa Ajili ya Ramani

Wiki mbili baada ya kuniaga kwa keki na kitenge, vijana wa ofisini walinipigia simu. Walitaka niwaandikie jinsi nilivyotengeneza ile folda ya watu wanayoitumia kila siku. Kurasa mbili tu, Mama Esta, walisema: bonyeza hapa, hifadhi pale. Nimekaa nyumbani Mjimwema, saa nne asubuhi na ukungu bado umeegemea dirishani, nikaona siwezi kueleza folda ile bila kueleza waliomo ndani yake. Kwa hiyo kurasa zitazidi. Habari za vyeo vyangu alizisema mkurugenzi wetu, Bwana Luoga, kwenye hotuba yake ya kuniaga. Alikosea viwili, nami sina nguvu ya kumsahihisha.

Kwa asiyeijua kazi yetu: mchoraji ramani akimaliza kuchora jengo, lazima aweke watu. Mmoja mlangoni, wawili kwenye ngazi, mama na mtoto wakivuka uwanja. Hawana sura. Mara nyingi ni weusi tupu au kijivu, umbo tu, kama mtu aliyesimama kati yako na taa. Kazi yao ni kuonyesha ukubwa wa jengo. Kuna ofisi hununua watu hao tayari. Sisi tulikata wa kwetu, na mkataji nilikuwa mimi.

Nilianza nikiwa msichana niliyetoka shule ya ufundi, katika ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Njombe mjini. Siku ya kwanza nilivaa sketi nyepesi na blauzi ya mikono mifupi ili nionekane mtu wa ofisini. Kufika saa tano nilikuwa nimekalia mikono yangu mwenyewe. Mchoraji mkuu, Mzee Kilasi, alinitazama, akalisukuma jiko la mkaa kwa mguu mpaka chini ya meza yangu.

"Kesho uje na sweta mbili," alisema. "Wino ukiganda tunausubiri. Wewe ukiganda sina la kufanya."

Mzee Kilasi alijifunza kuchora kwa mafundi wa misheni. Alikuwa amechora makanisa na zahanati nyingi kuliko alizoweza kuzihesabu, na hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha hilo. Kazi ya kwanza aliyonipa haikuwa kuchora ukuta. Alinipa wembe na kipande cha boksi la majani ya chai, akasema, "Nikatie mtu. Kimo chake milimita kumi na saba." Katika kipimo tulichotumia, hicho kilikuwa kimo cha mtu mzima. Kipande kile ungekilaza juu ya karatasi ya kunakilia, ukazungusha kalamu ya wino pembeni yake, kisha ukajaza.

Nilimkata mtu mwenye kichwa kama cha mtoto mchanga na shingo kama ya kuku. Mzee alimsimamisha kwenye mlango wa zahanati aliyokuwa akiichora.

"Huyu ni mgonjwa kweli," alisema. "Kata mwingine."

Nilikata wiki nzima. Siku ya Ijumaa alinieleza kwa nini. Mteja hajui milimita, alisema, hajui hata mita. Anachokijua ni kimo chake. Mwonyeshe mtu amesimama mlangoni, ataujua mlango. Basi mtu asipokuwa wa kweli, mlango nao utakuwa wa uongo. Yeye hakukata watu wa kubuni. Mrefu alikuwa mlinzi wa duka la mbele. Mwenye tumbo alikuwa mwenye duka, ambaye kwa miaka mingi alisimama mbele ya vyoo vya shule za mkoa mzima bila kujua.

Niliyapenda mafunzo yale, na sioni aibu kusema kwamba sikuwahi kupata mwalimu mwingine. Kompyuta zilipokuja, mwenye ofisi alikuwa ameshakufa na Bwana Luoga, kijana msanifu majengo aliyetoka kusoma, ndiye aliyeishika ofisi. Mzee Kilasi alikaa mbele ya skrini siku tatu. Siku ya nne alikunja sweta yake, akafuta kalamu zake, akaziweka mezani kwangu, akarudi shambani kwake Wanging'ombe. Hakukuwa na keki.

Watu wa kwanza wa kompyuta tuliwapata kwenye diski iliyotoka nje. Walikuwa Wazungu. Walishika vikombe vya kahawa, walivaa kaptula, mmoja alikuwa akimvuta mbwa kwa kamba. Tuliwaweka hivyo hivyo. Kwenye usharika mmoja upande wa Tandala tulitandika ramani ya kanisa jipya mbele ya wazee wa usharika, na mzee mmoja akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kuuliza, kwa upole kabisa, "Huyu mwenye mbwa ndiye mchungaji tutakayeletewa?" Walicheka mpaka ramani ikasahaulika. Bwana Luoga hakucheka. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Dada Esta, tutafutie watu wetu."

Hapo ndipo nilipopewa kamera, na hapa ndipo yalipo yale maelekezo mliyoyataka.

Piga picha siku ya mawingu. Jua kali linachora kivuli usoni na kwenye nguo, na kivuli hicho kitakusumbua baadaye. Kwa hilo Njombe ni mahali pazuri kuliko pote duniani. Angalau kwa hilo. Simama mbali, shusha kamera mpaka kifuani, usimpige mtu kwa juu wala kwa chini. Hakikisha miguu inaonekana. Mtu aliyesimama kwenye majani marefu hana miguu, na huwezi kumbunia. Kwenye kompyuta, mzungushe kwa nukta, pole pole, na nukta zako ziwe ndani kidogo ya ukingo wa mwili, la sivyo atabaki na utepe mweupe kama mtu aliyemwagiwa unga. Kitenge ukikate kwa kufuata mkunjo. Mtoto aliye mgongoni ni sehemu ya mama, usimtenge. Ukimweka kwenye ramani, nyayo zake ziguse ardhi na macho yake yawe kwenye mstari wa macho ya mtazamaji, vinginevyo ataelea. Nimeona ramani zenu za hivi karibuni. Watu wenu wanaelea.

Mimi niliwahifadhi kwa majina yao. Mwalimu Sanga. Fundi Mligo. Sista wa maziwa. Nilimwomba kila mmoja ruhusa, na karibu wote walikubali kwa furaha, wengine wakakimbilia nyumbani kubadili nguo. Ilikuwa kazi njema. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ilikuwa kazi njema tu.

Kisha likaja soko la Makambako.

Halikuwa soko la serikali. Mtu mmoja mwenye biashara ya mbao, simtaji, alikuwa amenunua kiwanja karibu na barabara kuu, mahali ambapo malori yalizoea kupumzika. Pembeni ya kiwanja hicho, na kwa kiasi fulani ndani yake, wanawake kumi na mmoja walikuwa wakiuza maharage, viazi na parachichi tangu zamani. Alitaka kujenga jengo la maduka. Aliwaambia wanawake waondoke kwa hiari, waweke dole gumba kwenye karatasi, na jengo likikamilika watafikiriwa kwanza. Hawakumwamini. Akaja kwetu kutaka picha ya jengo, kubwa, ya rangi, ya kuwekwa kwenye bango.

"Waweke wao wenyewe," Bwana Luoga aliniambia. "Wakijiona watatulia."

Nilikwenda Makambako na kamera siku yenye upepo ule wa pale unaokutia mchanga mdomoni. Mwanamke wa kwanza kusimama alikuwa Mama Jofrey. Alikuwa mrefu, mkavu, na bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia kwa sababu ya mizigo. Tulisalimiana, kamwene, kamwene, akanisogezea kigoda nikae. Nilimweleza ninachotaka. Alinisikiliza, kisha akauliza mbele ya wenzake:

"Dada, ukituweka kwenye hiyo picha, maana yake tutakuwemo?"

"Mtakuwemo," nilisema.

Nilimaanisha kwenye picha. Nilijua yeye anamaanisha kwenye jengo. Wote kumi na mmoja walikuwa wananitazama, upepo unavuma, nami nilitaka kazi iishe. Sikuongeza neno. Mama Jofrey alijitwisha ndoo ya parachichi kichwani, akasimama wima kama alivyoweza, akasema, "Basi nipige nikiwa na mzigo, wanijue."

Ilikuwa kazi bora niliyowahi kuifanya. Niliwakata kwa siku nne. Niliwasimamisha kwenye vizimba vya jengo lile, mmoja mmoja, kila mmoja na bidhaa zake, na Mama Jofrey nikamweka mbele kabisa, anaingia mlango mkuu. Bango liliposimamishwa, walikuja na watoto wao kulitazama. Wiki hiyo hiyo waliweka dole gumba, wote kumi na mmoja, wakahamisha vibanda vyao hadi ng'ambo ya barabara kusubiri.

Jengo lilipokamilika lilikuwa na milango ya vioo. Wapangaji walitoka kwingine: simu, nguo, vipodozi, duka la pembejeo. Bango liliondolewa. Mama Jofrey na wenzake wawili walipanda gari wakaja Njombe, ofisini kwetu. Nilikuwa mezani kwangu na mlango wa Bwana Luoga ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama, wale ni watu wa mfano," alikuwa anasema. "Kila ramani ina watu. Wanawekwa ili kuonyesha ukubwa wa mlango."

"Mimi ni wa kupimia mlango?" Mama Jofrey aliuliza.

"Si wewe. Mtu yeyote."

"Lakini ni mimi. Ndoo ni yangu. Nguo ni yangu. Dada aliyenipiga yule pale."

Nikaangalia skrini yangu.

Walipoondoka, Bwana Luoga alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Alisema mwenye jengo amekubali kukaa na wanawake wale mbele ya msuluhishi, katekista mstaafu aliyeheshimiwa na pande zote mbili, na kwamba ramani itatakiwa mezani. "Wajaze weusi," alisema. "Wote. Na majina ya faili uyabadilishe."

Kumjaza mtu weusi hakuchukui muda. Unamchagua, unamwaga rangi, basi. Macho yanakwenda, kitenge kinakwenda, parachichi zinageuka kuwa duara moja juu ya kichwa. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mama Jofrey akawa Mwanamke 05.

Wasiojua watasema ningekataa. Nami nasema hivyo hivyo, kila siku, nikiosha vyombo. Siku ile nilikuwa na sababu ambazo kila mtu huwa nazo: mtoto shuleni, nyumba isiyo na paa, na umri wa kutoanza upya. Nilizipanga vizuri nikaziona zinatosha.

Kikao kilifanyika Makambako kwenye ukumbi wa kanisa, nami nilikwenda na Bwana Luoga. Katekista yule alikuwa mzee mdogo wa mwili, mwenye koti kubwa, na hakupenda maneno mengi. Alizisoma karatasi za dole gumba. Zilisema tu kwamba wahusika watafikiriwa. Mmoja wa wanawake alitoa simu yenye picha ya bango, iliyopigwa kwa mbali siku ya vumbi. Ungeweza kuona kitenge, lakini uso usingeweza kuuapia. Bwana Luoga akaweka mezani ramani yetu na watu wake weusi.

"Hii ndiyo ramani rasmi," alisema.

Mama Jofrey aliinama juu ya karatasi. Alichukua muda mfupi sana. Akaweka kidole.

"Huyu mimi," alisema. "Mmenipaka masizi, lakini huyu ni mimi. Bega hili hapa."

Mwenye jengo akacheka kidogo. Katekista hakucheka. Alisema jambo ambalo pande zote mbili zilikubali kulifuata, na hata leo nashangaa kwamba walikubali kirahisi vile. Alisema karatasi peke yake haiamui. Ila ikiwa mwenye jengo aliwaonyesha wanawake hawa picha yao wenyewe wakiwa ndani ya vizimba, kisha wakaweka dole gumba, basi aliwaahidi vizimba, na atawapa. Na ikiwa wale ni watu wa mfano tu, basi hakuwaahidi kitu.

"Aliyewachora yupo?" aliuliza.

Nilisimama.

"Binti yangu," alisema, ingawa nilikuwa na mvi, "huyu wa mbele ni nani?"

Ukumbi ulikuwa baridi, na nje lori lilikuwa linapanda mlima kwa gia ya chini. Bwana Luoga hakunitazama. Mama Jofrey alinitazama, tena bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesubiri jambo analolijua lisemwe. Hakuwa na shaka nami hata kidogo. Hilo ndilo lililobaki kichwani mwangu kuliko yote.

"Si mtu," nilisema. "Ni umbo tu. La kuonyesha kipimo."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Katekista akafunga karatasi zake, akasema basi. Wanawake hawakupiga kelele. Mmoja alianza kulia na mwenzake akamwambia kwa Kibena anyamaze. Mama Jofrey alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Mlikuwa na njia ndefu," alisema. "Mmekula?"

Kisha akatoka.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya siku ile. Hii ndiyo sehemu ambayo hotuba za kuaga huiita uaminifu. Folda ilikua mpaka ikawa na watu zaidi ya mia mbili, na tangu siku ile sikumwandika hata mmoja kwa jina. Mwanamke 05 ndiye aliyependwa kuliko wote. Vijana, mnajua hilo. Ninyi wenyewe mlinisifu kwa ajili yake. Ana mkao mzuri, mlisema, anaipa picha uzito. Mmemweka kwenye hoteli, kwenye kituo cha mafuta, kwenye chuo, kwenye nyumba ya kulala wageni pale pale Makambako. Anaingia kila mlango tunaouchora. Kila mara mlipomburuta kwenda kwenye karatasi mpya nilikuwa nyuma yenu na chai yangu, na sikusema.

Mwezi wangu wa mwisho nilijaribu kumfuta. Nilimfuta kwenye kompyuta yangu. Alikuwa kwenye kompyuta zote nyingine, na kwenye ramani zilizokwisha kutumwa, na ofisi mbili za Iringa tuliwahi kuzipa folda nzima kama zawadi. Niliona ujinga wangu nikaacha.

Basi, vijana, maelekezo yangu ni haya, na hayahusu kompyuta. Mkimpiga mtu picha, mwambieni ramani ni nini na itakwenda wapi. Akiwauliza swali lenye maana mbili, jibuni ile anayoimaanisha yeye. Mwandikeni kwa jina. Na siku mtakayoulizwa huyu ni nani, mtakuwa na sababu zenu, nzuri kama zangu. Sina la kuwasaidia hapo.

Wiki iliyopita nilikwenda Makambako. Nilimtafuta kwa kuuliza, nikaelekezwa mbali na jengo lile, njia ya kuelekea Njombe, ambako wanauza juu ya magunia yaliyotandikwa chini. Amezeeka. Bega limeshuka zaidi. Alinijua kabla sijafungua mdomo, na hakunipa kigoda.

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba niliwajaza weusi kwa mkono wangu, kwamba nilijua ni yeye, kwamba nilisema uongo mbele ya mzee wa watu. Nilimwambia kwamba nimekuja kumwomba msamaha. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo na hakuacha.

"Ulisema si mtu," alisema.

"Nilisema."

"Ulisema una uhakika."

"Ndiyo, Mama Jofrey."

Alipeta ungo mara mbili, makapi yakaenda na upepo.

"Sasa leo unamwomba nani msamaha?"

Mteja alikuwa ameinama anauliza maharage ya njano yametoka wapi, naye akamgeukia akaanza kumweleza, ya Wanging'ombe haya, yanaiva haraka, hayamalizi mkaa. Nilisimama pale mpaka mteja wa pili aliponiomba nimpishe. Nikampisha, nikavuka barabara kwenda kusubiri gari la kurudi nyumbani.